Kabati la Wiski la Maman Euphrasie

Maman Euphrasie hakuwahi kufungua baa. Hakuwahi kumkana Yesu, hakuwahi kuolewa kwa siri na mzee wa Kiyahudi, wala hakuwahi kuwauzia wanafunzi pombe nyuma ya uwanja wa Flagey, mjini Brussels, kama walivyosema watu wa mtaa wa Evere ambao hata tramu ya kuwafikisha huko hawaijui. Katika yote yaliyosemwa, jambo moja tu lilikuwa kweli. Mwaka 2011, kwa muda wa sikukuu moja ya Kiyahudi, kabati zima la wiski lilikuwa mali yake halali, na ufunguo alikuwa nao kwenye mkoba. Kwa ajili ya kabati hilo uchumba wa binti yake Mignonne ulikaribia kuvunjika. Habari hiyo imekwisha kusimuliwa na kila mtu isipokuwa wanaoijua, kwa hiyo inafaa isimuliwe sasa mara moja, kwa utaratibu, na mtu aliyesoma.

Euphrasie ni mjane wa Polycarpe, prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari huko Bukavu, mtu ambaye wanafunzi walikuwa wakificha mikono mifukoni wakimwona, hata kama mikono yao ilikuwa safi. Yeye mwenyewe alifundisha Kifaransa na dini. Vita viliwaleta Brussels, na baridi ya pili ikamchukua Polycarpe kwa ugonjwa wa mapafu. Diploma ya Euphrasie Wabelgiji waliitazama kwa heshima, wakamrudishia. Akasoma upya, akawa mlezi wa wazee majumbani, na mwaka 2003 akapelekwa kwa Monsieur Zajdel, fundi mstaafu wa mikoba ya ngozi, mjane kama yeye, aliyeishi ghorofa ya tatu karibu na Flagey.

Siku ya kwanza alifika mlangoni, akaona kijisanduku chembamba cha chuma kimepigiliwa kwa mshazari kwenye mwimo. Akakibonyeza, akangoja. Akakibonyeza tena, safari hii kwa nguvu, kwa kuwa wazee wengi hawasikii vizuri. Mlango ulifunguka tu kwa sababu Monsieur Zajdel alikuwa anatoka kutupa takataka.

"Madame, hiyo si kengele," alisema mzee. "Ndani yake kuna kipande cha ngozi kilichoandikwa kwa mkono. Sikia, Ee Israeli: Bwana Mungu wetu ni Bwana mmoja."

"Kumbukumbu la Torati, sura ya sita," alisema Euphrasie, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia darasani. "Nayo imeandikwa pia kwamba mtayaandika maneno haya juu ya miimo ya nyumba zenu. Sikujua tu kwamba mlichukua maneno hayo vile yalivyo."

"Sisi karibu kila kitu tunakichukua vile kilivyo. Ingia. Umeshamgongea Mungu, na mimi nitakufungulia."

Hivyo ndivyo alivyoanza kujifunza. Alijifunza kwamba jikoni mle mlikuwa na masufuria ya nyama na masufuria ya maziwa, na kwamba kijiko cha upande mmoja hakitembelei upande wa pili, kwa sababu Torati imekataza kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Siku Hilaire, mdogo wake marehemu Polycarpe, alipokuja kumsalimu shemeji yake na kuchovya kijiko cha maziwa katika supu ya kuku ili aonje chumvi, ilibidi rabi apigiwe simu kuhusu sufuria. Rabi aliuliza maswali mengi kuliko daktari. Hilaire alipoambiwa kwamba simu ile ilikuwa ya sufuria, alisema Wazungu hawa wana muda. Hakuelewa kwamba Monsieur Zajdel hakumhesabu tena kuwa mgeni, alimhesabu kuwa ajali.

Alijifunza Sabato pia. Ijumaa kabla jua halijatua, mzee aliwasha mishumaa miwili kama alivyokuwa akifanya marehemu mkewe, akabariki divai na mikate miwili iliyosukwa, na kutoka hapo mpaka nyota za Jumamosi hakugusa swichi, pesa wala simu. Kazi imesimama, alisema, kwa kuwa Mungu naye alisimama. Shida ni kwamba hakuruhusiwa hata kumwamuru mtu mwingine amfanyie. Aliweza tu kutaja hali ya dunia.

"Madame Euphrasie," alisema Ijumaa ya kwanza, balbu ya ukumbi ilipoungua, "leo giza ni jingi."

"Ndiyo, Monsieur, ni jingi," alijibu Euphrasie kwa adabu, na wakakaa kimya wote wawili, yeye akifikiri kwamba huenda hilo nalo ni sala.

Baada ya kuelewa, ukawa mchezo wao. Mzee akisema chumba kina baridi, Euphrasie alimjibu kwamba sweta ziko kabatini, akamwacha ateseke kidogo, kisha akawasha kipasha joto kwa faida yake mwenyewe. Maana yeye ni Mkristo, na hakuna aliyemkataza kupata joto.

Wale waliosema kwamba alibadilishwa dini hawajui wanachosema. Wayahudi hawatafuti watu. Anayetaka kuingia hurudishwa kwanza mlangoni aende akafikiri upya. Monsieur Zajdel alimweleza kwamba mtu wa mataifa mengine hadaiwi amri zote mia sita na zaidi, anadaiwa chache tu alizopewa Nuhu: asiabudu sanamu, asimtukane Mungu, asiue, asizini, asiibe, asile nyama ya mnyama aliye hai, na awe na mahakama za haki. Mtu wa namna hiyo akiwa mwema, ana fungu lake katika ulimwengu ujao. Euphrasie alizipitia moja moja kichwani akaona yuko salama, ila kwa Hilaire hakuwa na hakika. Kuhusu Masihi, kwamba amekuja au bado, walizungumza mara moja tu. Mzee alisema, "Madame, mimi nina yangu, wewe una yako, na supu inapoa." Basi. Zaidi ya hapo, huyu mzee alijua Salamu Maria kuliko yeye Mprotestanti, kwa sababu wakati wa vita, akiwa mtoto, familia moja ya wakulima Wakatoliki ilimficha na kumfundisha aikariri asije akakamatwa. Bado aliisoma vizuri, akasema inamsaidia kupata usingizi.

Sasa tuje kwenye kabati.

Pasaka ya Wayahudi ni mama wa Pasaka yetu, na kama mama wengi ina masharti magumu zaidi. Waliotoka Misri walitoka kwa haraka, unga haukupata muda wa kuumuka, kwa hiyo siku hizo Myahudi hali kitu chenye chachu, na zaidi ya hapo, chachu haimilikiwi wala haionekani kwake. Mkate, biskuti, bia, yote yatoke. Nyumba inasafishwa mpaka ndani ya mifuko ya makoti. Na wiski, ambayo ni shayiri iliyochachushwa, nayo ni chachu.

Monsieur Zajdel alikuwa na kabati la wiski. Hakuwa mnywaji. Alikunywa kikombe kidogo Jumamosi baada ya sinagogi, basi. Lakini kwa miaka yote aliyotengeneza mikoba, wenye maduka walimletea chupa kila Desemba, na mtu aliyeishi utoto wake mafichoni hatupi kitu. Kwa watu kama hao, wahenga wao walipata njia: chachu inauzwa kwa mtu asiye Myahudi, na sikukuu ikiisha inanunuliwa tena. Zamani rabi alimuuzia jirani wa ghorofa ya chini. Jirani akahama. Mwaka ule rabi akamtazama Euphrasie.

"Madame, huu si mchezo wa kuigiza," rabi alimwambia, mezani kwa mzee. "Ukinunua, ni zako. Si kama zako. Ni zako."

"Na nikitaka kuzinywa?"

"Ufunguo unao."

"Na nikikataa kuziuza tena?"

Rabi alimtazama Monsieur Zajdel. Monsieur Zajdel alitazama dari. "Basi atakuwa amepata mteja mbaya," alisema rabi.

Euphrasie alipenda jibu hilo. Akatoa sarafu ya arubuni, akashika na kuinua leso ya rabi, ambayo ndiyo desturi ya kukamilisha mauzo, akapewa ufunguo. Akautia mkobani, ule mkoba ambao mzee mwenyewe aliushona, na kwa mara ya kwanza tangu atoke Bukavu akajisikia mwenye mali.

Siku tatu baadaye Hilaire alikuja. Alikuja kwa sababu ya posa ya Mignonne, iliyopangwa Jumamosi baada ya Pasaka yetu, na kwa sababu yeye, kama baba mdogo, alijipa wizara ya vinywaji. Mzee alikuwa kitini na gazeti. Kabati lilikuwa limefunikwa kwa shuka jeupe, na shuka jeupe kwa Hilaire ni sawa na mwaliko.

"Shemeji, hii iko na nini ndani?"

"Wiski."

Neno hilo Monsieur Zajdel alilielewa. Gazeti likashuka kidogo.

"Ya mzee?"

Hapo mtu mwingine angejibu ndiyo, na habari ingeishia pale. Lakini Euphrasie alikuwa ameinua leso mbele ya rabi, na mzee alikuwa anasikiliza. "Hapana," alisema. "Ni yangu."

"Yako? Yote?"

"Yote."

Hilaire alikaa chini taratibu, kama mtu aliyepata habari ya urithi. "Bon. Donc siku ya posa ya mutoto hatutakosa kitu."

"Utakosa. Kabati haifunguliwi."

"Mais si umesema ni yako?"

"Kwa sababu ni yangu, ndiyo maana haifunguliwi."

"Shemeji, muntu anakuwa na wiski ya kujaza kabati, na ndugu ya bwana yake anapewa maji?"

"Maji iko jikoni. Na kijiko usiguse."

Aliondoka bila kunywa hata hayo maji. Katika familia hii hatujawahi kuwa na mlevi, ukimweka Hilaire kando, lakini kuwa na msemaji tumepata mmoja, naye anatosha. Kufikia jioni Evere yote ilijua. Mtu wa kwanza alisema kabati, wa pili akasema chumba, wa tatu akasema baa. Wa nne, ambaye alikumbuka kwamba mzee ni Myahudi na kwamba Euphrasie siku hizo hagusi mkate kazini, akaongeza ubatizo wa kinyume.

Habari ikamfikia Maman Bibiane, mama yake Bienfait, bwana harusi mtarajiwa. Bibiane ni mtu wa Uvira, mkuu wa akina mama katika kanisa lake, na kwa pombe ana sababu zake: mume wake alikunywa nyumba, akanywa gari, kisha akaondoka na chupa ya mwisho. Alimlea mwanawe kwa kazi ya usafi maofisini, akaapa kwamba kijana huyo hataoa penye harufu hiyo. Alipiga simu Jumatano.

"Maman Euphrasie, ni Bibiane. Ile maneno nasikia, sitaki kuisikia tena na masikio ya batu. Nitakuja kuiona na macho yangu. Ikiwa kweli, Bienfait haingie kwako tena, na posa hakuna."

"Karibu kesho kwa mzee, Maman Bibiane. Saa za chai."

Mignonne alilia usiku kucha na kumsihi mama yake aseme tu kwamba wiski ni ya mzee. Ni neno moja. Euphrasie alimwambia ndiyo, ni neno moja, na kwamba yeye Mignonne alilelewa kwa maneno machache sana, yote ya kweli.

Alhamisi saa za chai, mlangoni pa Monsieur Zajdel hapakulia kengele. Euphrasie alingoja kidogo, akakumbuka, akaenda kufungua. Maman Bibiane alikuwa amesimama pale na kitambaa chake cha kanisani, kidole kimebonyeza kile kijisanduku.

"Kengele yenu imekufa," alisema.

"Haijafa. Imeshakusikia. Ingia."

Bibiane hakukaa. Alilivuta shuka jeupe. Nyuma ya vioo vya kabati chupa zilisimama kwa safu, zimenyooka kama wanafunzi wa prefe Polycarpe. Bibiane alipumua kwa pua. Kisha, kwa kuwa yeye ni mtu wa haki, akamgeukia mwenye nyumba na kumuuliza kwa Kifaransa: "Monsieur, naomba uniambie ukweli mbele ya Mungu. Hizi chupa ni zako?"

Monsieur Zajdel alikuwa anakula kipande cha mkate wao wa Pasaka, ule mwembamba usiotiwa chachu. Aliacha kutafuna. Alimtazama Euphrasie, akaona uso wake, akaelewa kwamba kuna kitu kikubwa kuliko chupa. Lakini kama angesema ni zangu, angekuwa Myahudi mwenye chachu nyumbani katikati ya Pasaka, baada ya miaka yote ile.

"Madame," alisema kwa uchungu, "si zangu."

"Ni za nani?"

Mzee akatazama dirishani. "Leo mawingu ni mengi," alisema.

Euphrasie aliijua sauti hiyo. Ni sauti ya Ijumaa jioni, ya mtu asiyeruhusiwa kuomba. Angeweza kumwachia mzigo. Angesema, Maman Bibiane, mzee anazeeka, ni zake zote, na angekuwa na mkwe. Akafungua mkoba, akautoa ufunguo, akauweka mezani.

"Ni zangu," alisema. "Mpaka Jumanne jioni. Kaa, nikueleze."

Bibiane alivuta kiti, akakaa. Euphrasie akaeleza: Misri, haraka, chachu, shayiri, rabi, leso. Alieleza kama mwalimu, bila kuruka, na alipofika kwenye amri yenyewe, Bibiane alimkatiza.

"Kutoka, kumi na mbili," alisema. "Siku saba chachu isionekane katika nyumba zenu."

"Ndiyo."

"Nimeisoma miaka yote. Sikujua kuna batu wanaifanya." Alimtazama mzee kwa macho mengine. Halafu akalitazama kabati, na macho ya kwanza yakarudi. "Bon. Ya mzee nimeelewa. Sasa yako. Unasema ni zako kweli kweli?"

"Kweli kweli."

"Donc unaweza kuzimwaga."

 Monsieur Zajdel, ambaye neno hilo alielezwa kwa ishara ya mkono wa Bibiane, alikuwa na rangi ileile ya mkate wake.

"Naweza," alisema Euphrasie.

"Basi mwaga, nikuone."

Euphrasie alifungua kabati. Hakuharakisha. Alipitisha mkono juu ya safu ya mbele, akaacha ile aliyoletewa mzee na marehemu mkewe, akaacha zile za wenye maduka ya Antwerp, akaenda mpaka nyuma kabisa na kutoa chupa moja nene ambayo mzee mwenyewe alikwisha kusema ililetwa na mtu aliyemchukia. Akageuka kuelekea jikoni.

"Lile sinki," alisema Monsieur Zajdel, akiiambia dunia kwa jumla, "lilichemshwa kwa maji ya moto Jumapili nzima."

Euphrasie hakusimama hata kidogo. Aligeuza njia kama mtu aliyekuwa anaelekea huko tangu mwanzo, akaingia chooni, mlango ukiwa wazi ili Bibiane aone. Wiski ilishuka ikichekacheka. Akavuta maji. Akarudi, akaiweka chupa tupu nje mlangoni, akaosha mikono, akafunga kabati.

"Moja tu?" aliuliza Bibiane.

"Moja tu."

"Na hizi zingine?"

"Maman Bibiane, ni zangu au si zangu?"

"Umesema ni zako."

"Basi si wewe wa kunipangia, si Hilaire, si pasteur, wala si huyu mzee. Ile nimeimwaga kwa sababu nimetaka. Hizi nazitunza kwa sababu nimetaka. Na kwangu, Evere, hutakuta hata moja, siku ya posa wala siku nyingine. Hilo nakupa neno langu, na neno langu umeona linavyonigharimu."

 Bibiane akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu kwa kitambaa chote. "Wewe," alisema, "ungeweza kunidanganya na neno moja, na nisingejua kamwe. Mutoto wangu ataingia mu nyumba ya muntu kichwa ngumu."

"Ataingia mu nyumba ya prefe Polycarpe."

Monsieur Zajdel aliomba atafsiriwe. Alipotafsiriwa, alisimama, jambo ambalo kwa magoti yake halikuwa dogo, akampa Euphrasie mkono. "Kila mwaka nimeuza chachu yangu," alisema, "na kila mwaka moyoni nimejiuliza, je, nimeuza kweli, au ni sisi tu na leso zetu? Mwaka huu nimemwona mwenye mali akiitupa mali yake chooni, na mimi sikuweza kusema neno. Sijawahi kuwa na Pasaka ya hakika kama hii."

Akamkaribisha Bibiane mkate wa Pasaka. Bibiane aliutafuna kwa heshima ya Kutoka kumi na mbili, akasema ni wa kweli kabisa, maana unafanana na katoni, na watu waliokimbia hawana muda wa kupika vizuri. Wakanywa chai isiyo na maziwa.

Jumanne jioni rabi alikuja, Euphrasie akauza tena bila ubishi. Jumamosi iliyofuata posa ilifanyika Evere kwa soda na maji ya tangawizi. Hilaire alikunywa Fanta, akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Maman Bibiane mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya watu na kusema kwamba yeye aliona kwa macho, na kwamba atakayetaja baa tena atakuja kuitaja mbele yake. Tangu hapo hakuna aliyeitaja mbele yake.

Ila Bibiane ana macho, hilo tulishalisema. Na kuna swali moja ambalo alimuuliza Euphrasie palepale mezani kwa mzee, na ambalo, tangu lilipomponyoka Bibiane siku ya posa, bado linazunguka Evere kwa sababu Hilaire hawezi kuacha kitu kitulie.

"Maman Euphrasie," aliuliza kwa sauti ya chini, "ile chupa, kizibo kilitoka bila kulia. Ilikuwa imeshafunguliwa. Na haikujaa. Ilikuwa pungufu vidole viwili."

Mzee hakuweza kuigusa, ilikuwa Pasaka. Kabla ya Pasaka hakuweza, alimchukia aliyeileta. Hilaire hakuwa na ufunguo. Ufunguo ulikuwa na mtu mmoja, na chupa ilikuwa mali yake, kweli kweli, kama rabi alivyosema.

"Chai yako inapoa," alisema Euphrasie.

Watu wanaendelea kuuliza. Mjane wa prefe hajajibu, hajibu, na hatajibu.